Barua ya pongezi kwa walinzi wa farasi wa Maranello

Kwa Waheshimiwa Wanasheria,
Kampuni ya Ferrari,
Maranello, Italia.

YAH: PONGEZI KWA KULINDA HESHIMA YA FARASI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote natumaini hamjambo, na farasi naye hajambo. Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam. Sina gari lenu wala sitarajii kuwa nalo, kwa hiyo mnaweza kuniandika kwenye daftari la watu wasiowapa taabu: sijawahi kuipaka Ferrari rangi msiyoipenda, sijawahi kuisahau kwenye maegesho, sijawahi kuiuza bila kuwaaga. Wengine wanashabikia injini zenu. Mimi nashabikia barua zenu.

Ile ya mwaka 2014 kwa Deadmau5 bado naiona ndiyo kazi yenu bora. Huyu ni DJ wa Kanada, yule anayepiga muziki akiwa amevaa kichwa cha panya. Alinunua 458 Italia kwa pesa zake, akaifunika yote kwa stika za Nyan Cat, yule paka wa mtandaoni mwenye kiwiliwili cha keki na mkia wa upinde wa mvua. Mahali pa farasi wa nembo yenu akabandika paka, na gari akaliita Purrari. Alipotangaza kuliuza, barua yenu ikamfikia. Stika zikabanduliwa. Yeye akaenda kununua Lamborghini, akambandika paka yuleyule.

Hapo ndipo nilipowavulia kofia. Muuzaji wa kawaida akishahesabu pesa, mali imeondoka. Kwenu mteja anaondoka na chuma, ngozi na ule mlio, lakini maana ya gari mnabaki nayo nyinyi, na mkihisi anaichezea, mnamwandikia.

Kisha akaja Justin Bieber. 458 Italia tena (lile toleo lina nuksi, liangalieni). Alilipeleka kwa mafundi wa West Coast Customs kule California, likarudi limepanuka na limekuwa la buluu kali. Mwaka 2016 akaliacha kwenye maegesho baada ya matembezi ya usiku Beverly Hills, na wiki zikapita hakumbuki kaliacha wapi. Mwaka 2017 likapigwa mnada Arizona kwa zaidi ya dola 400,000. Ilipofika 2022 vyombo vya habari vikaandika kwamba jina lake mmelikata kwenye orodha ya wanaostahili matoleo yenu maalumu. Hapa nawapongeza kwa namna ya pekee, maana orodha yenyewe hamjaibandika ukutani popote. Ya nini kuibandika? Magazeti yanaiandika kwa niaba yenu, leo yanaongeza mwanamuziki, kesho bondia, nyinyi mmekaa kimya, na thamani ya waliobaki ndani inazidi kupanda. Nawaonea huruma watu wenu wa matangazo, sijui wanashinda wakifanya nini.

Lakini hakuna aliyeonja utaratibu wenu kama hayati Preston Henn wa Florida. Mzee huyu alikuwa na gulio kubwa Fort Lauderdale, la kuuza kila kinachouzika, na alikuwa mteja wenu wa miaka nenda miaka rudi, mpaka magari yenu ya mashindano ya miaka ya 1960 alikuwa nayo. Mwaka 2016 akasikia kuna LaFerrari isiyo na paa inakuja. Kwa wasomaji wa huku inabidi nieleze kidogo. Magari ya aina hiyo hapewi aliyekuja na pesa, anapewa aliyeitwa. LaFerrari za mwanzo, za mwaka 2013, zilipangwa kutengenezwa 499 na zote zikawa na wenyewe. Ni posa kamili. Muuzaji ndiye mshenga. Ukoo unakaa kikao: huyu ametokea wapi, ameshaoa dada zake wangapi, na wale aliowaoa bado anao au aliwapiga mnada baada ya miezi sita? Mzee Henn akatuma posa na kishika uchumba juu, hundi ya dola milioni 1, moja kwa moja kwa Sergio Marchionne aliyekuwa mkuu wenu. Hundi ikarudishwa. Huku uswahilini hata mposaji mlevi hurudishiwa barua, siyo pesa.

Mzee akaenda mahakamani akidai kwamba mmemshushia hadhi mbele ya wenzake. Baadaye aliiondoa kesi. Nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara nacheka mahali palepale: tajiri anashtaki kwa sababu amenyimwa ruhusa ya kutoa pesa. Wenye maduka wote duniani wanahangaika kumvuta mteja aingie. Nyinyi mteja anawaburuza kortini ili aruhusiwe kulipa.

Na wenzenu wanaiga. Mwaka 2017 Ford ilimshtaki John Cena, mwanamieleka, kwa kuuza Ford GT yake kabla ya miezi 24 waliyokubaliana. Yakaisha kwa suluhu, pesa zikaenda kwenye hisani. Ford, watu wa pikapu! Kweli elimu haina mwisho.

Kuna jambo moja tu naomba mnisaidie, nalo ni la viatu. Mwaka 2019 mbunifu wa mitindo wa Ujerumani, Philipp Plein, aliweka Instagram picha za viatu vyake vikiwa juu ya Ferrari yake ya kijani. Mkampa saa 48 aziondoe, kwamba zinachafua jina. Mahakama Italia ikawapa haki. Sawa. Lakini mbona farasi mwenyewe anavaa viatu? Raba za Puma zenye nembo yenu tumeziona miaka mingi. Kofia zipo, manukato yapo, na mwaka 2021 mmezindua nguo zenu wenyewe. Tangu 2010 kuna Ferrari World pale Abu Dhabi, ambako vijana wetu waliokwenda Ghuba kutafuta maisha hupiga picha siku ya mapumziko, paa jekundu lenye farasi likiwa nyuma yao, wakazituma Tanga na Mombasa. Kwa hiyo farasi anaruhusiwa kuloa jasho kwenye fulana, anaruhusiwa kuwa pambo la mabembea, ila kiatu cha jirani kikimgusa bodi ni kesi. Najua jibu lenu ni kwamba kiatu kile hakikulipa. Basi semeni hivyo, mtuondolee hilo neno heshima.

Maana mastaa mnawataka. Kisebusebu na kiroho papo. Miaka ya 1980 tamthilia ya Miami Vice ilikuwa na Ferrari Daytona nyeusi ambayo haikuwa Ferrari hata kidogo, ilikuwa Chevrolet Corvette iliyovishwa bodi ya kuigiza. Mkamfungulia kesi mtengenezaji wa ile bodi. Watu wa tamthilia wakapata Testarossa mbili za kweli, na ile bandia ikalipuliwa kwa kombora, Marekani nzima ikitazama. Sijui ni wanasheria gani wengine duniani ambao ushindi wao ulirushwa hewani na moto juu. Na Januari 2025, Lewis Hamilton, dereva wenu mpya wa Formula 1, aliposimama kwenye uwanja wenu wa Fiorano mbele ya nyumba ya mzee Enzo, mwasisi wenu, koti refu jeusi, F40 pembeni yake, sikusikia mtu Maranello akisema ustaa unaharibu sifa ya kampuni. Staa hana tatizo. Mwenye tatizo ni staa anayejichagulia rangi bila kupitia dirishani kwenu, kwenye kile kitengo cha Tailor Made, ambako kwa malipo yanayostahili nadhani hata paka angejadiliwa.

Sasa niruhusuni niulize habari za mnyama mwenyewe. Francesco Baracca, rubani wa kivita wa Italia katika Vita Kuu ya Kwanza, ndiye aliyechora farasi huyu ubavuni mwa ndege zake. Baadhi ya ndege hizo zilikuwa SPAD, za Wafaransa, zenye kiwanda chao na jina lao. Baracca aliuawa Juni 1918. Mwaka 1923 mama yake, Kontesa Paolina, akamwambia dereva kijana aliyekuwa ameshinda mbio karibu na Ravenna ambandike farasi wa mwanawe kwenye gari, atamletea bahati. Dereva huyo ni Enzo Ferrari. Akaongeza rangi ya njano, rangi ya mji wake wa Modena, na mambo yakawa mambo. Hadithi hii mnaisimulia wenyewe kwa fahari.

Hebu tuiandike kwa lugha ya ofisi yenu. Mtu maarufu, kipenzi cha magazeti ya siku zake, amechukua chombo cha kampuni nyingine na kukichora picha ya mnyama bila idhini ya maandishi. Akifa, familia yake inampa mtu wa tatu picha hiyo kwa mdomo. Tofauti yake na mwenye paka ni ipi? Kama kiwanda cha SPAD kingekuwa na wanasheria wa kiwango chenu, Baracca angepewa saa 48 asugue ubavu wa ndege, na leo, kwa jinsi ninavyoijua mikoa yenu, mngekuwa mnalinda heshima ya kipande cha jibini.

Nikiwa raia mwema, namalizia kwa kuripoti tukio. Mtaani kwetu kuna bajaji yenye ngao ya njano mbele, chini ya taa. Stika imetoka Kariakoo. Farasi ameangalia kulia badala ya kushoto, mguu mmoja umeliwa na mkasi, na kwato zimeishia kwenye skrubu. Chini yake, kwa herufi nyekundu: MWENYE WIVU AJINYONGE. Ikiwa na abiria watatu na gunia la mkaa, inapitwa na baiskeli. Nilimuuliza dereva kama anajua nembo ile ni ya nani.

"Ya kwangu," akasema. "Nimeinunua buku mbili."

Namripoti kwa ridhaa yake. Nilipomweleza habari za barua zenu alifurahi mno, na anaomba aandikiwe ile ya saa 48, yenye nembo halisi juu na sahihi ya wino chini, ikitaja namba za bajaji bila kukosea hata moja. Huku kwetu gari la kifahari kwenye video ya Bongo Fleva mara nyingi ni la kukodi kwa siku. Yeye atakuwa mtu wa kwanza kijiweni kukatazwa na Maranello moja kwa moja. Ataipiga leminesheni, ataining'iniza nyuma ya kiti chake abiria wasome, na nauli ya kwenda Kariakoo itapanda kwa shilingi 500. Kama kuna ada ya kuonywa, mtujulishe, atalipa kidogokidogo.

Saa 48 zianze kuhesabiwa leminesheni ikishapoa.

Wenu katika ujenzi wa heshima,
Mkazi wa Dar es Salaam

Nakala: Lamborghini, Sant'Agata Bolognese, kwa taarifa. Stika ya fahali nayo ipo, bei ni hiyohiyo.