Masika, Geti na Udongo Mweusi

Upande wa mashariki na kusini-mashariki wa Nairobi, kuanzia Embakasi na Ruai hadi Syokimau na Kitengela, mwenye nyumba mpya hukabiliwa na swali ambalo jamaa zake wa Kiambu, walioketi juu ya udongo mwekundu unaopitisha maji bila kinyongo, hawana haja ya kujiuliza, nalo ni kitu gani kitandazwe kati ya geti na kibaraza ili gari lifike nyumbani pamoja na mwenyewe. Kwa kawaida swali hili huulizwa mwezi wa Februari, ardhi ikiwa imekauka na kuwa ngumu kiasi cha kumchosha mwenye sururu, na kwa sababu hiyo hujibiwa vibaya.

Udongo unaohusika ni mfinyanzi mweusi wenye madini ya jamii ya smektaiti, yaani madini yaliyopangika kwa tabaka nyembamba ambazo maji hupenya katikati yake na kuzitanua, kisha jua likiwaka tabaka hizo hurudiana na ardhi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza funguo za gari. Kwa kuwa eneo hilo lina masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, ardhi hupanda na kushuka mara mbili kwa mwaka, tena si kwa usawa, maana kingo za njia hukauka upesi ilhali katikati pamefunikwa na bado pana unyevu. Wahandisi hupima uwezo wa udongo kubeba mzigo kwa kipimo cha CBR, kilichoanzia California, ambacho huulinganisha na kokoto bora iliyosagwa inayohesabiwa kuwa asilimia 100. Udongo mweusi uliolowa mara nyingi hupata asilimia 2 au 3, alama ambazo mtoto akija nazo nyumbani hutafutiwa mwalimu wa jioni.

Chaguo la kwanza huwa maramu, yaani ule udongo mwekundu wenye changarawe, kwa kuwa ni rahisi na humwagwa asubuhi ukatumika jioni. Mvua ya Aprili inapoanza, magurudumu huzisukuma changarawe chini na tope hupanda kuchukua nafasi yake, hata baada ya malori kadhaa mwenye nyumba akawa anamiliki maramu nyingi kuliko jirani yeyote, isipokuwa hana namna ya kuionyesha. Lori la nyongeza, lililoagizwa kuja kuziba mashimo, huzama getini likiwa na mzigo wake wote, na gari la mwenye nyumba likabaki limefungiwa ndani. Naye huenda kazini kwa matatu akiwa amevaa gambuti na kubeba viatu katika mfuko ambao, tangu ile ya plastiki ipigwe marufuku mwaka wa 2017, ni wa kitambaa, na hivyo huhifadhi tope kwa uaminifu hadi ofisini.

Hasira za namna hiyo ndizo humpeleka mtu kwenye zege. Bamba la zege lililomwagwa juu ya mfinyanzi bila wavu wa chuma na bila viungo, yaani mianya inayoachwa makusudi ili zege lipate pa kunyooka, hupasuka mahali linapotaka lenyewe, na fundi akiitwa husema kwamba ufa huo ni wa kawaida. Bamba hilo hupanda likalikamata geti kwa chini, hata likawa halifunguki mwezi wa Mei, na mwezi wa Februari likaacha pengo la kutosha kuku wa jirani.

Kabro, ambayo ni vitofali vya saruji vya unene wa milimita 60 kwa magari madogo na 80 kwa malori, ina fadhila moja kubwa, kwamba ikibonyea hung'olewa, ikasawazishwa na kurudishwa. Hata hivyo familia huketi kikao kirefu kujadili kama iwe nyekundu au ya kijivu, wala hakuna anayeuliza itakalia nini.

Mahali pa kuweka fedha ni chini: kuuchimba udongo mweusi hadi mwamba, ukiwa karibu, au walau nusu mita, kutandika geotekstaili, yaani kitambaa kinachozuia tope na mawe visichanganyike, kushindilia mawe makubwa tabaka kwa tabaka, na kuacha mteremko wa milimita 20 kwa kila mita kuelekea mtaroni. Juu yake kokoto tupu yatosha kwa miaka ya mwanzo, kwa kuwa ikicheza haipasuki, na reki huirudisha mahali pake. Shida ni kwamba hakuna mgeni aliyewahi kuusifu msingi.

Tena kuna udongo uliochimbwa. Njia ya upana wa mita 3 na urefu wa mita 15, ikichimbwa nusu mita, hutoa zaidi ya mita za ujazo 22, na hakuna anayezitaka. Hata mtu anayetafuta udongo wa kujazia kiwanja huuliza kwanza rangi. Huko Mwea, kwenye mashamba ya mpunga, udongo wa aina hii hushikilia maji vizuri mno, lakini Mwea ni mbali na lori hulipwa. Basi hulundikwa ukutani, mwenye nyumba akimweleza kila anayeuliza kwamba hapo patakuwa shamba la sukuma wiki, na masika yakishika, ukuta huanza kuinamia kwa jirani.