Vitufe vya Ukoo Mmoja

Ukitaka kujua umri wa tovuti ya ofisi, fungua msimbo wake uhesabu vitufe. Utakuta Kitufe, KitufeKipya, KitufeKipya2, na kile kilichoitwa KitufeUsiguse, ambacho kila mtu amekigusa. Kazi ya vyote ni kutuma fomu. Bosi akiagiza rangi ya kijani, vitatu vinabadilika, cha nne kinabaki buluu, na mteja anapiga simu kuuliza kama kampuni imeuzwa.

Mwaka 1999 Andy Hunt na Dave Thomas walihimiza, katika kitabu chao The Pragmatic Programmer, kwamba jambo moja likae mahali pamoja tu ndani ya mfumo. React, maktaba ya msimbo ya kujengea kurasa za tovuti, ikatolewa 2013, ikiwa na vijenzi vya kutumika tena na tena. Tukavipokea kwa mikono miwili, tukavinakili.

Halafu huja fundi msafi, katoka semina juzi. Anaviunganisha vyote kuwa kitufe kimoja chenye swichi lukuki: kikubwa, kidogo, chenye ikoni, kisicho na ikoni ila kwenye ukurasa wa malipo. Maelezo yake ni marefu kuliko mkataba wa mkopo. Mwandishi wa programu Sandi Metz alishaonya kwamba kurudia msimbo kuna nafuu kuliko kuunganisha visivyofanana, ila onyo hilo halimo kwenye slaidi za semina.

Na kile kitufe cha asili cha HTML? Kinaitikia kibodi, kinatambuliwa na programu za kuwasomea wasioona, wala hakihitaji msimbo wa ziada. Kasoro yake ni kwamba hakijampandisha mtu cheo.