Shukia Kitengela: Mwongozo wa Mwanafunzi wa Sera za Umma

Umepata barua ya kujiunga na chuo kikuu. Utasomea sera za umma, na jamaa zako wameanza kuuliza ukimaliza utafungua ofisi ya nini. Wiki ya kwanza mhadhiri atachora duara ubaoni: tatizo latambuliwa, laingia kwenye ajenda, suluhisho labuniwa, uamuzi wapitishwa, watekelezwa, watathminiwa, kisha safari inaanza upya. Asili ya mchoro huo ni Harold Lasswell, Mmarekani aliyezipanga hatua za uamuzi mwaka 1956. Ni mchoro mzuri, uunakili. Kisha panda matatu ya Kitengela, maana mji huu wa Kajiado Mashariki utakuonyesha duara hilo likizunguka, likikwama na likiwaacha watu nje. Fuata hatua hizi kwa utaratibu, wala usiruke hata moja.

Hatua ya kwanza: chagua jambo moja

Usiandike kuhusu "utawala bora barani Afrika". Bara halina mlango wa kupigia hodi wala karani wa kumsalimia. Chagua kitu unachoweza kukifikia kwa boda boda: mtaro wa mtaa wa Noonkopir, bei ya maji ya boza, mpaka wa ploti. Kisha kifuate kama mdai anavyomfuata mdaiwa: nani alikitaja kwanza, kiliandikwa wapi, nani alitia sahihi, zilitengwa pesa ngapi, zilitoka lini, na nani angali anangoja. Mwongozo huu umechagua ardhi, kwa kuwa Kitengela haielezeki bila ardhi.

Hatua ya pili: anzia 1968

Mvivu huanza na habari za jana. Wewe anza na mwaka 1968, Bunge la Kenya lilipotunga sheria ya wawakilishi wa vikundi vya ardhi, iliyozaa ranchi za pamoja za Umaasaini. Watu waliandikishwa, wakapewa hati moja, wakachagua kamati, wakatarajiwa kupunguza mifugo na kukopa benki. Mwaka huohuo mwanabiolojia Mmarekani Garrett Hardin alichapisha makala iliyotikisa vyuo, akidai kwamba malisho ya pamoja hayana budi kuharibika kwa sababu kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja zaidi. Soma sheria na makala hiyo pamoja. Halafu msome Elinor Ostrom, ambaye mwaka 1990 alionyesha kwamba watu huweza kutunza mali ya pamoja kwa kanuni walizojitungia, akatunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2009. Kisha mtafute Esther Mwangi, Mkenya aliyesoma Chuo Kikuu cha Indiana alikofundisha Ostrom, akachunguza kwa makini jinsi ranchi za Kajiado zilivyovunjwa na kugawanywa.

Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980. Waliodai hati za mtu mmoja mmoja ni wanachama wenyewe, na wengi walihofia kwamba wakichelewa watabaki mikono mitupu. Swali lako ni hili: siku ya kugawa, nani alikuwa kwenye daftari? Daftari za ranchi ziliwaandika zaidi wanaume wakuu wa familia. Wanawake wengi hawakuwemo, na asiyekuwemo hakukatiwa kipande. Waliokuwa karibu na kamati mara nyingi walipata kikubwa au kizuri zaidi. Weka somo hilo kifuani kabla hujafungua kitabu kingine: uamuzi mkubwa hujificha ndani ya orodha ndogo. Sheria ya 1968 ilifutwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, lakini mipaka iliyochorwa chini yake ndiyo mnayokanyaga hadi leo.

Hatua ya tatu: hesabu kile ambacho serikali haikufanya

Sensa ya 2009 ilikuta watu 58,167 mjini Kitengela. Ya 2019 ikakuta 154,436. Hakuna kikao kilichokaa kikaamua mji uongezeke karibu mara tatu kwa miaka kumi. Mtu aliuza ekari, dalali akaikata ploti za futi 50 kwa 100, mwalimu na fundi na karani wa Nairobi wakanunua kwa akiba ya chama, wakajenga, kisha wakaanza kutafuta maji, barabara na mahali pa kuelekeza maji taka. Thomas Dye aliandika mwaka 1972 kwamba sera ya umma ni lolote ambalo serikali huchagua kulifanya au kutolifanya. Simama kando ya barabara ya Namanga asubuhi, uangalie maboza ya maji yakipishana, utaona nusu ya pili ya maneno hayo ikipita na honi. Kaya inayonunua maji kwa mtungi inalipa gharama ya uamuzi ambao haukufanywa. Mwanafunzi anayesoma miswada iliyopita pekee anasoma nusu ya sera.

Hatua ya nne: wasikilize mbuzi na simba

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, na eneo lake ni kilomita za mraba 117 hivi. Upande wa kusini ulibaki wazi, na wanyama huutumia kutoka kwenda nyanda za Kitengela na Kaputiei. Maana yake, malisho ya wanyama wa taifa yako kwenye shamba la mtu binafsi. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kukodisha ardhi: mwenye shamba alipwe dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka, naye asijenge ua, asichimbe mawe, asiikate ardhi vipande. Malipo yaligawanywa mara tatu, yaangukie mwanzo wa muhula, pesa za karo zinapotakiwa. Aliyebuni ratiba hiyo alimjua mzazi wa Kimaasai. Iandike kwenye daftari lako kama mfano wa sera inayotii maisha ya mlengwa, kisha weka kando yake bei ya dalali, ujiulize dola 4 zingeweza kushindana nayo kwa miaka mingapi.

Juni 2012, simba sita waliovamia mifugo waliuawa na wanakijiji Kitengela. Picha zilizunguka dunia, lawama zikawaangukia wafugaji. Fanya ambalo walaumu hawakufanya: ulizia fidia. Kwa miaka mingi sheria haikumlipa mtu aliyeliwa mbuzi au ng'ombe na mnyamapori. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa kurekebisha sheria ya wanyamapori, Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi. Sheria mpya ilipatikana mwaka 2013: shilingi milioni 5 kwa anayeuawa na mnyamapori, milioni 3 kwa anayelemazwa, na fidia ya mifugo na mimea. Hapa ndipo kitabu cha John Kingdon cha mwaka 1984 kinapofaa. Alisema tatizo, suluhisho na siasa hutiririka kila kimoja kivyake, na sera hupita pale vitatu hivyo vinapokutana. Usiandike kwamba simba sita ndio walioleta sheria, maana suluhisho lilikuwa limezungushwa miaka mingi. Andika jinsi vijito hivyo vilivyokutana, halafu umtafute mfugaji aliyejaza fomu umuulize amengoja muda gani. Sheria iliyopitishwa bila pesa ya kuitekeleza ni ahadi, na kazi yako ni kuipima ahadi kwa malipo.

Hatua ya tano: penda tarehe kuliko hotuba

Watu wengi hufika kwenye bajeti ya kaunti keki ikiwa imeshakatwa. Wewe bandika kalenda ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ukutani juu ya kitanda. Tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka ufike Bunge la Kaunti. Tarehe 28 Februari, waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndio hupanga kila idara ipate kiasi gani. Tarehe 30 Aprili, makadirio yenyewe. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa. Anayeomba zahanati mwezi Juni ameshachelewa, hata kama ana hoja nzuri kuliko wote. Wafundishe kalenda hiyo mama wa soko na kijana wa boda boda kabla hujaifanyia mtihani.

Hatua ya sita: nenda kwenye kikao, kaa nyuma

Katiba ya 2010 inataja ushirikishwaji wa umma katika kifungu cha 10, na kifungu cha 196 kinalitaka Bunge la Kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Nenda uone kifungu kikiwa na viti. Vikao hivi vinafanana karibu kila wadi ya Kenya. Tangazo husema saa tatu asubuhi. Ukifika saa tatu utakuta hema, viti vya plastiki na kijana anayejaribu kipaza sauti. Saa tano kikao chafunguliwa kwa maombi. Waraka una mamia ya kurasa za Kiingereza, na nakala mbili ziko meza kuu. Karatasi ya mahudhurio yapita: jina, kitambulisho, simu, sahihi. Muuza mboga anasimama. Anaeleza kwamba mvua ikinyesha maji ya barabara huingia kibandani mwake, kwamba mtaro uliochimbwa mwaka juzi uliishia kwenye lango la mtu, na kwamba wateja huvukia juu ya mawe aliyoyapanga yeye. Mchungulie karani anavyoandika. Daftarini kuna neno moja: "miundombinu".

Hapo umeona sera ikitungwa. Michael Lipsky alieleza mwaka 1980 kwamba mtumishi anayekutana na mwananchi ana kwa ana ndiye anayeipa sera sura yake ya mwisho, na karani huyu ameugeuza mtaro wenye mwanzo, mwisho na lango la mtu kuwa neno lisiloweza kutengewa hata shilingi. Wewe andika maneno yote ya mama muuza mboga. Angalia pia kama kuna anayetafsiri kwa Kimaa, na kama mzee aliyetafsiriwa alipewa nafasi ya kujibu. Mahakama ya Juu ilisisitiza mwaka 2019, katika kesi ya kanuni za tumbaku, kwamba ushirikishwaji lazima uwe wa kweli. Daftari la karani ni kipimo kizuri cha ukweli huo.

Hatua ya saba: omba karatasi

Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba waraka wa umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Andika ombi, lipigwe muhuri, weka nakala. Ukinyamaziwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Soma pia ripoti za Mdhibiti wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu, ukianzia kwenye majedwali. Dibaji huandikwa na mtu anayetaka kusifiwa.

Hatua ya nane: wakubali walimu wa 2024

Juni 2024 vijana wa Kenya waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwenye simu kwa Kiswahili, Sheng' na lugha za nyumbani, kisha wakaingia barabarani, Kitengela ikiwemo. Waliuawa watu. Tarehe 26 Juni Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Julai, Mahakama ya Rufaa ikabatilisha sheria ya mwaka uliotangulia, Sheria ya Fedha ya 2023, hoja moja ikiwa upungufu katika kuwashirikisha wananchi. Oktoba, Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo. Soma hukumu zote mbili neno kwa neno, ujue majaji walitofautiana wapi. Ujue pia kwamba kizazi chako kililipa kwa damu somo ambalo kitabu huliita ushiriki wa wananchi. Usilitaje kwa wepesi.

Hatua ya tisa: rudisha ulichochukua

Ukimaliza tasnifu, usiiache ikae rafuni pekee. Ifupishe iwe kurasa nne za Kiswahili, upate mtu wa kuisoma kwa Kimaa, uirudishe kwa waliokujibu: mfugaji, muuza mboga, karani pia. Soma matokeo mbele yao, wakusahihishe. Mpe mwakilishi wadi nakala kabla ya tarehe 1 Septemba, mpango wa mwaka ukiwa bado unaandikwa, ili mtaro uingie humo ukiwa na jina lake, urefu wake na mahali unapopaswa kumwagia maji. Digrii utakabidhiwa na chuo. Ila haki ya kujiita mtaalamu wa sera waachie watu wa Kitengela wakupe, siku watakapotumia kazi yako kudai kilicho chao.