Mhadhara wa Kwanza, na Huenda wa Mwisho, Kuhusu Elimu ya Kijarida

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Kaeni. Naona mmeshakaa, basi kaeni zaidi.

Nasimama mbele yenu nikiwa Profesa wa Elimu ya Kijarida. Cheo hiki sikupewa na chuo chochote, maana vyuo vina urasimu. Nilijitunuku mwenyewe sebuleni kwangu, umeme ukiwa umekatika, na shahidi pekee alikuwa mke wangu, aliyekuwa akitafuta mshumaa. Kwa miaka sita sasa naandika kijarida changu binafsi, kwa mapenzi tu, nakituma kwa barua pepe kila mwisho wa mwezi. Zingatieni neno "kila". Ni neno la kitaalamu. Nitalifafanua mbele ya safari, muda ukiruhusu, nao hautaruhusu.

Tuanze na historia, kwa kuwa msomi asiyeanza na historia hupunguziwa posho. Mwaka 1888 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walianza kuchapa Zanzibar jarida la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ikaanzisha Mambo Leo huko Dar es Salaam. Miaka sita iliyopita nikaanza mimi. Hizo ndizo zama tatu za majarida ya Kiswahili, na mtu asiniulize yaliyotokea katikati.

Ng'ambo nako kulikuwa na wenzangu. Mjini London, kati ya mwaka 1750 na 1752, mwandishi Samuel Johnson alitoa kijarida chake, The Rambler, kila Jumanne na Jumamosi, matoleo 208, na wakati huohuo alikuwa anatunga kamusi. Mimi kwa miaka sita nimetoa matoleo 31. Wenye husuda watapiga hesabu na kusema yalipaswa kuwa 72. Nawajibu: Johnson hakuwahi kuingizwa kwenye makundi manne ya michango ya harusi ndani ya wiki moja.

Katika hayo 31, matoleo 19 yanaanza hivi: "Wapenzi wasomaji, samahani kwa ukimya wangu." Hiyo si kasoro, ni fani. Nimeipa jina la Utanzu wa Radhi. Januari huomba radhi kwa sababu ya ada za shule, Machi kwa sababu ya mvua, na katikati kwa sababu ya bando. Agosti moja nilikosa kabisa sababu, nikaomba radhi ya jumla, ya yaliyopita na yajayo.

Sasa nadharia. Utafiti wangu, uliohusisha mtu mmoja ambaye ni mimi, umegundua hatua tatu za ugonjwa huu wa kuandika vijarida.

Hatua ya kwanza ni Moto. Mwandishi hutoa toleo la kurasa tisa lenye tahariri, makala, shairi, na salamu za Mhariri Mkuu kwa Mhariri Msaidizi, ambaye pia ni yeye. Anaahidi kutoa toleo kila wiki. Wiki hiyo huwa moja.

Hatua ya pili ni Hesabu. Mgonjwa huamka saa nane usiku kutazama nani amefungua. Mimi nina wasomaji 43 waliojiandikisha. Kati yao mashemeji ni 11, anwani zangu mwenyewe ni tatu, na mmoja ni fundi friji aliyeniachia anwani yake kwa ajili ya ankara. Siku moja idadi ikashuka hadi 42. Nilimtafuta aliyejitoa, nikampigia simu: ni kaka yangu. Akasema kidole kiliteleza. Kidole hicho kimeteleza mara mbili.

Hatua ya tatu ni Ukubwa. Mwandishi huona wasomaji wamekuwa wachache kwa kuwa mada zake ni nyepesi. Nikaandika "Wakati ni Nini?", makala ya maneno elfu nne, na mkiani, kwa kujaza nafasi, nikataja kwamba jogoo wa jirani huwika saa saba usiku. Nilipata majibu sita. Yote yalimhusu jogoo. Nikatoa toleo maalumu la kuwakemea wasomaji kwa kupuuza fikra. Likaja jibu moja, la maneno matatu: "Na jogoo je?"

Hapa niseme jambo kuhusu Shaaban Robert, ambaye angefeli somo langu. Kuanzia 1931 hadi 1958 alikuwa akimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Ulenge akazitunza, na mwaka 2002 zikatolewa kama kitabu. Miaka 27, msomaji mmoja! Kwa vigezo vyetu vya kitaalamu, orodha ya mtu mmoja ni aibu tupu. Hakuna mashemeji, hakuna hata fundi. Nilikuwa nimeandaa ukosoaji mkali mahali hapa, lakini nimeupekua mkoba wote siuoni. Tusonge mbele.

Mfano wa mwisho unatoka Muheza, kwa shangazi yangu. Macho yake hayaoni maandishi siku hizi, hivyo husomewa kijarida changu na mjukuu wake wa darasa la sita, kwenye simu, jioni, baada ya kuosha vyombo. Mwezi uliopita nilikwenda kuwajulia hali.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Barua zako nazipata. Ila ile ya mwezi wa nne ndiyo iliyonitoa machozi. Jogoo kapotea mvuani, jirani anazunguka na tochi usiku, na wewe uliyekuwa unamlaani ukatoka na mwavuli kumsaidia kutafuta. Nikasema huyu kweli ni mtoto wa kaka yangu."

Mabibi na mabwana, mwezi wa nne sikutuma kitu. Wala wa tatu. Wala wa tano.

Nikamtazama yule mtoto. Alikuwa anachunguza kucha za miguu yake kwa bidii ambayo ningependa kuiona kwa wanafunzi wangu.

Msomi wa kawaida angefedheheka. Mimi nilikumbuka mara moja kwamba hata Johnson, katika yale 208, machache aliandikiwa na wengine. Nikamwita mtoto nje, chini ya mchungwa, nikakohoa kama kikao kizima, nikamuuliza kwa sauti ya mamlaka:

"Jogoo alipatikana?"

"Bado, mjomba. Nimemweka mwezi wa sita."

"Na kwa nini ulifanya hivi?"

"Bibi alikuwa anauliza kila jioni."

Sasa mnaelewa maana ya neno "kila". Nilisema muda hautaruhusu, umeruhusu.

Mhadhara unaishia hapa. Maswali hayatapokelewa. Sambusa ziko nyuma, mbili mbili kwa kila mtu, na aliyekuja kutengeneza feni asijifanye mjumbe. Mimi nakimbilia basi la Muheza. Leo ni tarehe 30 Juni, nimejiandikisha kwa yule mtoto, na kuna toleo nalisubiri.