Sifa za Mzee configure, Asiyemwamini Mtu

Wanaomsema vibaya configure ni wengi, na karibu wote wanamtumia. Eti mzito, eti mbishi, eti anauliza mambo yanayojulikana tangu enzi za mababu. Basi leo nasimama mimi kumtetea, maana hata mbu amepata wa kumsifu.

Ukoo wake ni wa heshima. Mwaka 1991 programu za GNU zilitakiwa zijengeke kwenye Unix za kila namna, kila moja na kompaila yake na vituko vyake. David MacKenzie akaanza kutunga Autoconf, chombo cha kuzalishia skripti, na skripti hiyo ndiye mzee wetu. Unapakua programu, unaandika ./configure, naye anaanza kunong'ona. Kompaila ya C ipo? Ipo. Inafanya kazi? Inafanya. Na stdlib.h je? Kiwango rasmi cha C kilitoka mwaka 1989 na stdlib.h ikiwa ndani yake, lakini hayo ni maneno ya kamati, na mzee anataka kuona kwa macho yake. Wewe huku unapata muda wa kuchemsha chai, kuinywa na kuosha kikombe. Nitajie chombo kingine cha kisasa kinachokujali hivyo.

Mama anayelijua soko hamwulizi muuzaji kama maharage yanaiva upesi. Anachukua kiganja kimoja, anakwenda kuyapika. Mzee ni wa shule hiyo. Akitaka kujua kama kompaila inazielewa lambda za C++11, haulizi toleo. Anaandika kifaili, conftest.cpp, chenye lambda ndani yake, anaikabidhi kompaila na kungoja. Ikikataa, anairudia akiwa ameongeza -std=c++11. Akishapata jibu anakifuta kifaili, kama vile hapakuwa na kitu. Akitafuta funksheni ya maktaba, tuseme strdup, anaitangaza kwa uongo kwamba inarudisha char. Inarudisha nini hakumhusu. Anachotaka ni kujua kama ipo.

Na kwa nini asiulize tu? Kwa sababu kompaila zinadanganya umri. Clang hujitambulisha kuwa ni GCC 4.2.1, toleo la mwaka 2007, na imeshikilia hivyo hivyo miaka yote huku ikielewa mambo ambayo GCC ya wakati ule haikuyaota. Kompaila ya Microsoft ukiiuliza __cplusplus inakujibu 199711, yaani Novemba 1997, mpaka uiwekee swichi ya /Zc:__cplusplus ndipo iseme kweli. Anayepanga kazi yake kwa kuamini vyeti vya kuzaliwa vya namna hii asije kwetu kulia.

Sasa niisifu tabia yake kuu: hana makelele. Jaribio likishindwa, jibu ni "hapana", basi. Huenda kipengele hakipo. Huenda kipo, ila aliyeandika jaribio alisahau semikoloni. Mzee hatofautishi, na hamwaibishi mtu mbele za watu. Mwaka 2024 GCC 14 ilipoanza kukataa kuita funksheni ambayo haijatangazwa, majaribio ya zamani yaliyoandikwa ovyo yangeweza kugeuka na kujibu "hapana" juu ya vitu vilivyopo. Programu ingejengwa vizuri tu, ila ikiwa na upungufu, na maelezo yote yangekuwa ndani ya config.log, faili ambalo watu hulifungua wakishakata tamaa.

Vijana waliomkimbia wakahamia CMake wamerithi upole huo huo. Katika mradi wa xz, programu ya kubana mafaili, mtu aliyejiita Jia Tan aliingiza nukta moja, nukta tu, kwenye mstari wake peke yake ndani ya jaribio la CMake lililouliza kama Landlock, kinga mojawapo ya Linux, inapatikana. Kwa nukta ile msimbo haukuweza kukompailika kwenye mashine yoyote duniani. Jibu likawa "hapana" kila mahali, kinga ikazimwa, na hakuna aliyeshtuka.

Mzee naye hakuachwa nyuma. Mlango wa siri ambao Jia Tan huyo huyo aliupachika ndani ya xz, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ulianzia kwenye build-to-host.m4, faili moja kati ya yale makorokoro yanayomzaa configure. Mahali palichaguliwa kwa akili. Nani atasoma maelfu kwa maelfu ya mistari ambamo ulinganisho umepachikwa herufi x mbele ili sheli za kale zisichanganyikiwe? Machi 2024 Andres Freund aliugundua mlango huo kwa sababu kuingia kwa SSH kulikuwa kumechelewa kama nusu sekunde, naye akaona si bure. configure hutuchelewesha dakika nzima, mchana kweupe, na hakuna aliyewahi kumshuku.