Fundi, Ongeza Moto!

Mjomba wangu ana karakana Gerezani, Dar es Salaam. Anatengeneza matranka ya wanafunzi na makabati ya bati, na mimi namshikia daftari la mahesabu. Mashine yake ya spoti, ile inayobana mabati mawili kati ya ncha mbili za shaba na kuyashikisha nukta kwa nukta, ina swichi moja kubwa ya kuzungusha. Kwa sababu hiyo, Mjomba anaamini kila tatizo lina dawa moja. Bati halishiki? Ongeza moto. Bati linatoboka? Hapo hufikiri kidogo, kisha anaongeza moto.

Januari, msimu wa kufungua shule, aliingia mama mmoja amebeba tranka mkono wa kulia na kitako chake mkono wa kushoto.

"Shikamoo fundi," alisema, maana hasira haifuti adabu. "Tranka lako limenivua nguo stendi ya Mbezi."

Kitako kilikuwa kimeachia konda akilipakia. Unga wa ngano, biskuti na simu iliyokatazwa shuleni vikamwagika mbele ya abiria, akiwemo mwalimu wa nidhamu aliyekuwa akisafiri na basi hilohilo.

Mjomba akalaumu umeme, na hakukosea sana. Jioni umeme wa laini yetu hupungua nguvu. Joto la mashine hii linakwenda na mraba wa mkondo, hivyo mkondo ukishuka kwa asilimia 10, joto linashuka kwa asilimia 19. Tranka la jioni hutoka limeshikana kwa heshima tu. Mjomba akigundua, anapandisha swichi. Asubuhi umeme umepona, yeye amesahau, na bati la kwanza linatoka na matundu kama chekeche.

Lakini mkosaji mkuu alikuwa ncha. Kwa bati la milimita 1, uso wa ncha unatakiwa uwe na upana wa milimita 5 hivi. Kwa kubanwa na kuungua kutwa nzima, shaba hutanuka. Ikifika milimita 7, eneo lake limekaribia kuwa maradufu, na mkondo uleule unatawanyika bila kuyeyusha chochote. Mabati ya zinki ndiyo yanaimaliza kabisa. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420, mapema sana kabla ya chuma, ikachanganyika na shaba ya ncha, ikageuka shaba ya njano isiyopitisha umeme vizuri na inayong'ang'ania bati. Dawa yake ni kuipiga ncha tupa laini mpaka irudi umbo lake. Tupa tunayo. Inatumika kufungulia soda.

Kisha kuna maji. Yanapita ndani ya mikono ya mashine hadi nyuma ya ncha kuzipoza, na yetu ni ya kisima, yenye chumvi inayoganda mirijani. Kijana mmoja wa karakana aliwahi kufunga bomba ili "kubana matumizi", akapata ncha nyekundu na ndimi kali za Mjomba. Bahati nzuri jirani yetu mama ntilie huyakinga maji yanayotoka upande wa pili, kwa kuwa yana uvuguvugu mzuri wa kuoshea vyombo. Huyo ndiye kipimo chetu. Akipaza sauti, "Baba, leo maji hayaji!", Mjomba huzima mashine upesi kuliko angeambiwa na mhandisi.

Watu huogopa kupigwa shoti, kumbe kwenye ncha volti ni chache. Ampea ndizo maelfu. Cha kuogopa ni kidole kubanwa, na mwenye kifaa cha kuendesha moyo kifuani asiisogelee mashine kabisa, kwa sababu ya sumaku ya ampea hizo. Mwalimu mmoja aliegemea mkono wa mashine akiwa na saa yake ya kutia ufunguo. Sumaku ikaingia kwenye kamani, saa ikaanza kukimbia. Nasikia siku hizi anasifiwa shuleni kwa kuwahi.

Wateja nao wanapenda cheche. Zikiruka wanatoa simu wapige picha, wakiamini fedha yao inafanya kazi. Cheche ni chuma kilichoyeyuka kinachotoroka kwenye kiungo: moto umezidi, au ncha hazikubana sawasawa, au bati lina kutu na mafuta. Spoti nzuri haina mbwembwe; inalia "tsk" na kwisha.

Basi ukienda kununua tranka, swichi iko namba ngapi si swali lako. Mwombe fundi achomelee vipande viwili vya bati lilelile mbele yako, kisha avipasue kwa patasi na koleo. Nukta iliyoshika haiachii: inang'oa tundu kwenye bati moja na kubaki kama kifungo kwenye la pili. Vikiachana kwa ulaini bila tundu lolote, usilipe mpaka ncha zipigwe tupa na jaribio lirudiwe.