Namna ya Kumsema Mwalimu wa Kompyuta Ukiwa Likizo Ikinga

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mwanachuo aliyerudi Ikinga hapumziki. Watoto wa jirani wanamfuata hadi uani, matokeo yako kwenye simu, swali liko mdomoni: "Kaka, kompyuta ikoje? Walimu wa huko wanakamata?" Tangu 2017 mwombaji anatuma maombi moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka, hapitii tena mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu. Uchaguzi ni wake mwenyewe, na kwenye kata hii ya wilaya ya Ileje mshauri aliye karibu ni wewe uliyeshuka kwenye gari jana na begi lenye laptopu. Neno lako moja juu ya mwalimu mmoja linatosha kumtoa binti wa watu kwenye kozi anayoiweza. Basi lisemwe kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe ni huu.

Kwanza lifungie kabatini neno "anakamata", yaani anafelisha. Midomoni mwetu wanachuo mwalimu wa kompyuta ana majina matatu tu: anayekamata, anayeachia na asiyeeleweka. Hakuna hata moja linalomweleza mwalimu. Yote yanaeleza matokeo yetu. Mdogo wako akisikia "yule mzee anakamata", anachora akilini mtu mwenye roho mbaya anayekaa na peni nyekundu akitafuta wa kumpa sapu, mtihani wa marudio. Ukweli ni kwamba kozi ya kwanza ya programu inaangusha watu kila mahali. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Denmark, Jens Bennedsen na Michael Caspersen, walikusanya takwimu za vyuo vya nchi mbalimbali wakakuta karibu theluthi moja ya wanafunzi hawavuki kozi hiyo. Waliporudia hesabu mwaka 2019 walipata asilimia 28. Kwa hiyo kabla hujamtangaza mwalimu wako kuwa jambazi wa alama, hesabu. Kama darasani kwenu waliopata sapu ni robo au theluthi, mwalimu wako ni wa kawaida na somo ndilo gumu. Wakiwa nusu, hapo una la kuuliza. Wakiwa wote wamepata A, una la kuuliza zaidi.

Na ukisema umeanguka, taja ulipoangukia. "Nilipata sapu ya lupu na safu" ni habari inayomsaidia mtu. Atajua aanze kujifunza nini. "Alinikamata" haimsaidii yeyote.

Sasa tuje kwa mwalimu asiyesaidia, kwa sababu hapo ndipo maoni yetu yanapokosea zaidi. Umepewa zoezi maabara: andika programu inayomuuliza mteja ana kwacha ngapi, bei ya siku ni ngapi, halafu itoe jibu kwa shilingi. Ni kazi ambayo wabadilishaji fedha wa Tunduma wanaifanya kwa kikokotoo huku wanaongea na wateja wawili. Wewe umeiandika, umebonyeza, mashine imekataa. Inasema kosa liko mstari wa 14. Umeutazama mstari wa 14 mpaka macho yanauma na hauna ubaya wowote. Mwalimu anapita. Unamwita. Anainama, anatazama skrini, mikono yake iko mgongoni. Anasema, "Mashine imekwambia nini? Soma kwa sauti." Unasoma. "Sasa panda juu, mstari mmoja mmoja, hesabu mabano uliyofungua na uliyofunga." Anaondoka zake.

Jioni bwenini unasema hana msaada. Wenzako wanaitikia. Lakini ulipopanda ulilikuta bano la mstari wa 9 halijafungwa, na tangu siku ile hujarudia kosa hilo bila kuligundua mwenyewe ndani ya dakika. Yule mwingine, anayechukua kibodi na kukurekebishia huku anakutania, unampenda, na ni haki yako kumpenda, lakini kila mashine ikigoma unamtafuta. Ukifika nyumbani na mdogo wako akauliza nani ni mzuri, mtaje aliyeweka mikono mgongoni. Mweleze na sababu, maana bila sababu naye atamchukia wiki ya tatu kama ulivyomchukia wewe.

Usitoe hukumu ya mwisho kabla ya kozi inayofuata. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, na ushahidi wake upo. Scott Carrell na James West walifuatilia wanafunzi wa Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, ambako mwanafunzi hachagui mwalimu. Anapangiwa bila upendeleo, na mtihani ni mmoja kwa wote. Utafiti wao wa 2010 ulionyesha kwamba walimu waliosifiwa na wanafunzi na ambao madarasa yao yalipata alama nzuri muhula ule, wanafunzi wao walifanya vibaya zaidi kwenye masomo yaliyofuata. Wale wenye uzoefu zaidi, wanafunzi wao walikwenda mbele vizuri zaidi. Kwa kompyuta hili unaliona kwa macho: aliyebebwa kwenye kozi ya kwanza anaumbuka kwenye miundo ya data, pale ambapo hakuna tena mstari wa kukariri. Ukiwa mwaka wa kwanza, sema "bado namsoma". Ni jibu la kiungwana na ni la kweli.

Jihadhari pia na mdomo mtamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Marekani walimchukua mwigizaji wa filamu, wakamwita Dk. Myron Fox, wakamfundisha hotuba ya nadharia ya michezo ya kihisabati iliyojaa maneno ya kubuni, kupingana na utani, isiyo na maana yoyote. Wasikilizaji wake walikuwa watu wazima wenye shahada, madaktari wa akili, wanasaikolojia na walimu. Wengi walimsifu kwamba amewachangamsha na amewafikirisha. Habari hiyo ilichapishwa 1973. Kama wao walinaswa, wewe uliyelala saa tisa usiku kwa ajili ya mjadala kimbwetani utanaswa vilevile. Dawa ni moja: mkitoka darasani, kabla ya kusema "leo katisha", chukua karatasi uandike alichofundisha. Ukipata mistari mitatu yenye maana, msifu kwa nguvu zote. Ukibaki na vichekesho tu, basi umestarehe, sema hivyohivyo.

Kuhusu wazee. Yuko mwalimu anayeandika programu ubaoni kwa chaki, bila projekta, kisha anaigiza kompyuta: anachora visanduku, anabadilisha namba moja moja, anafuta, anaandika tena. Vijana wanamcheka. Mimi namtetea bila haya. Anayeweza kuifuata programu kwa mkono kwenye karatasi anajua mashine inafanya nini, na umeme ukikatika somo lake haliishi. Tena kumbuka walikotoka. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Aliyeipenda kazi hii kwenye miaka ile aliipenda mashine ambayo hakuwa nayo mezani. Mtu wa namna hiyo hastahili kupimwa kwa simu anayotumia.

Halafu kuna Madam, mwalimu wa kike. Naomba usome hapa polepole, hasa kama wewe ni kijana wa kiume. Mwaka 2015 ulitoka utafiti kutoka Chuo Kikuu cha North Carolina State: walimu wasaidizi wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, walifundisha kozi kwa mtandao bila kuonana na wanafunzi, kila mmoja akitumia jina lake kwa kundi moja na jina la mwenzake kwa kundi lingine. Lilikuwa darasa dogo, lakini jina la kiume lilipata alama za juu zaidi, hata kwenye kurudisha kazi kwa wakati, ilhali kazi zilirudishwa muda uleule. Basi kabla hujasema "Madam ana nyodo" au "Madam mkali bila sababu", mweke mwanaume mahali pake kwa kitendo kilekile. Akiwa Sir ungesema ana msimamo? Kama ndiyo, sema Madam ana msimamo. Pale uani yuko binti anasonga ugali na anasikia kila neno, na hesabu zake ni nzuri kuliko zako.

Haya yote hayana maana kwamba mwalimu hasemwi. Anasemwa, na yapo makosa ambayo kuyanyamazia ni kuwadhulumu wanaokuja. Mwalimu anayesoma slaidi neno kwa neno, mgongo umeelekea darasa. Anayekuja wiki ya nne na kufidia vipindi Jumamosi tatu mfululizo. Asiyerudisha majaribio mpaka mtihani wa mwisho wa muhula, UE, upite, mtu anaingia chumba cha mtihani hajui alama zake za koswek ni ngapi wala alikosea wapi. Anayefundisha lugha ya programu muhula mzima bila kumgusisha mwanafunzi kibodi wakati maabara ipo na iko wazi. Hayo ni makosa yake, yaseme. Lakini mashine chache kwa darasa kubwa, intaneti inayokufa saa nne asubuhi, ratiba iliyoyapanga makundi manne saa moja, hayo peleka kwa chuo. Ukiyachanganya, mkuu wa idara atajibu la mashine na la mwalimu litapotea hapohapo.

Kilichobaki ni fomu ya tathmini ya mwisho wa muhula. Vyuo kadhaa nchini vimeifunga pamoja na matokeo: hujaijaza, huoni alama. Na ndiyo sababu inajazwa kwa sekunde kumi, tano tano tano kutoka juu hadi chini, au moja moja moja kwa mwenye hasira. Kipimo cha namna hii kilianza zamani. Herman Remmers wa Chuo Kikuu cha Purdue alitoa cha kwake mwaka 1927. Karibu miaka mia imepita na bado sisi tunalipua. Usilipue. Jaza kabla ya siku ya matokeo, kichwa kikiwa kimetulia. Namba weka upendavyo, ila pale penye nafasi ya maoni andika sentensi ambayo mwalimu anaweza kuifanyia kazi Jumatatu. "Hafundishi vizuri" haifanyiwi kazi na mtu yeyote. "Wiki ya sita, ulipoeleza funksheni zinazojiita zenyewe, ulipita mifano miwili haraka, ulipoeleza kwa Kiswahili mfano wa tatu nikaelewa" inafanyiwa kazi. Anajua wiki, anajua mada, anajua kilichosaidia, na mwakani ataanza na huo mfano wa tatu.

Lenye uzito kuliko fomu usiliandike kwenye fomu. Mchukue CR, mwakilishi wa darasa, chukueni tarehe za vipindi alivyokosa na majaribio ambayo hayajarudi, mwende kwa mkuu wa idara mchana kweupe, katikati ya muhula, wakati bado kuna wiki za kurekebisha. Na aliyefundisha vizuri mwambieni mwenyewe, kwa jina la mada aliyoifundisha.